Mafuta, Mazingira na Haki ya Mwananchi



Mmeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kawaida huachiwa wahandisi, nalo ni hili: je, kampuni za mafuta na gesi zaweza kuendesha kazi zao bila kuiangamiza ardhi, maji na hewa ya watu zinaowakuta? Mimi si mhandisi. Jibu langu ni la wakili. Kampuni hizo zinajua namna ya kufanya kazi kwa usafi, na zimejua kwa miaka mingi. Hufanya hivyo pale zinapolazimishwa, na huacha pale zinaporuhusiwa kuacha. Kwa hiyo swali hili, hata likivaa koti la uhandisi, ni swali la utawala: nani hutunga sheria, nani huitekeleza, na nani humwogopa nani.

Msiniamini kwa maneno matupu. Chukueni kampuni moja, Shell, muitazame katika nchi mbili.

Mafuta yanapotoka ardhini hutoka pamoja na gesi. Gesi hiyo yaweza kurudishwa chini, yaweza kuuzwa, au yaweza kuchomwa moto hapohapo kisimani kama takataka. Kuichoma ndiyo njia rahisi kwa mwenye kisima, na ndiyo mbaya kuliko zote kwa jirani yake. Nchini Norway, mafuta yalipoanza kutoka katika eneo la Ekofisk mwaka 1971, serikali iliamua mapema kwamba gesi haitachomwa ovyo, ila kwa dharura za usalama. Aliyetaka kuchimba ilimbidi kwanza aonyeshe atakakoipeleka gesi yake. Mwaka 1991 nchi hiyo ikaongeza kodi juu ya hewa ya kaboni inayotolewa na mitambo ya baharini. Kodi hiyo haikuwa ya mzaha. Kufikia mwaka 1996, kampuni ya Statoil ilikuwa imeanza kuikamata hewa ya kaboni katika kisima cha gesi cha Sleipner na kuizika chini ya sakafu ya bahari, kiasi cha tani milioni moja hivi kwa mwaka, kwa kuwa kuizika kulikuwa nafuu kuliko kuilipia kodi. Shell nayo ilianza kuchimba katika eneo la Draugen, Norway, mwaka 1993, chini ya sheria hizohizo, wala hatukusikia ikilia kwamba haiwezekani.

Sasa vukeni hadi Nigeria. Huko mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956. Mwaka 1979 Nigeria ilitunga sheria nzuri sana ya kuzirudisha gesi ardhini, ikaweka tarehe: kuanzia Januari 1, 1984, ni marufuku kuchoma gesi. Mtu akiisoma sheria ile kijuujuu atadhani ameisoma ya Norway. Lakini ndani yake mliachwa mlango wa nyuma. Waziri alipewa uwezo wa kutoa cheti cha kumruhusu mtu aendelee kuchoma, mradi alipe ada. Ada yenyewe ilianza na kobo 2 kwa kila futi za ujazo 1,000. Kobo mbili! Hata ilipopandishwa hadi naira 10 mwaka 1998, mhasibu yeyote wa kampuni angeweza kupiga hesabu yake kwa dakika moja: kuchoma ni rahisi, kujenga mtambo wa kuikusanya gesi ni ghali, basi na ichomwe. Ikachomwa. Ilipofika mwaka 2018 ndipo kanuni mpya zilipoweka ada ya dola 2 kwa kampuni kubwa kwa kipimo hichohicho.

Mwaka 2005 mwananchi mmoja wa jamii ya Iwherekan, katika Jimbo la Delta, aliipeleka Shell na shirika la mafuta la taifa mbele ya Mahakama Kuu ya Shirikisho mjini Benin. Mahakama ilitamka kwamba kuchoma gesi karibu na makazi ya watu ni kuvunja haki yao ya kuishi na ya kuheshimiwa utu wao. Ni hukumu ambayo kila mwanafunzi wa sheria barani Afrika yampasa kuisoma. Hata hivyo moto haukuzimwa. Hukumu isiyo na serikali ya kuitekeleza ni karatasi, na katika uwanja huu wa mafuta karatasi tunazo nyingi.

Faini isiyouma, ndugu zangu, ni leseni kwa jina jingine. Pale mlipaji anapoihesabu faini miongoni mwa gharama zake za kawaida, kama anavyohesabu makaratasi na chai ya ofisini, sheria imekwisha kununuliwa.

Nanyi mlio waumini mnakumbuka habari za Nabothi. Mfalme Ahabu alilitamani shamba lake la mizabibu, na Nabothi akakataa kuutoa urithi wa baba zake. Kilichofuata hakikuwa ujambazi wa usiku. Ziliandikwa barua zikatiwa mhuri wa mfalme, wazee wa mji wakaketi, mashahidi wawili wakaletwa, hukumu ikatolewa. Kila kitu kilifuata taratibu, na Nabothi akapigwa mawe akafa.

Sasa lisikieni jambo la Ogoni, katika Delta ya mto Niger. Mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzake waliwaongoza Waogoni kudai kwamba ardhi yao isafishwe na kwamba wao nao wapate sehemu ya mali inayotoka chini ya nyayo zao. Mnamo Januari 4, 1993, mwaka uleule ambao Shell ilianza kuchimba Draugen kwa adabu, watu wapatao 300,000 waliandamana kwa amani Ogoni. Kabla ya mwaka kwisha Shell ilikuwa imeacha kuchimba huko. Serikali ya kijeshi ikajibu kwa askari, kisha kwa mahakama maalumu. Mashahidi wawili wa upande wa mashtaka walikuja kuapa kwa maandishi kwamba walihongwa. Haikusaidia. Novemba 10, 1995, Saro-Wiwa na wenzake wanane walinyongwa mjini Port Harcourt. Mwaka 2009 Shell ililipa dola milioni 15.5 kuimaliza kesi iliyofunguliwa na jamaa za marehemu mjini New York, bila kukiri kosa lolote. Juni 2025 rais wa Nigeria aliwapa marehemu hao msamaha. Kama wakili sina budi kusema kwamba msamaha hupewa mkosaji. Watu wale walistahili hukumu yao ifutwe.

Kwa nini nawasimulia habari za kunyongwa katika mazungumzo ya mazingira? Kwa sababu mtu wa kwanza kujua kwamba bomba linavuja ni mvuvi aliye kando yake. Mnyamazishe mvuvi huyo, na kampuni haitakuwa na sababu ya kulirekebisha bomba. Nchi ambayo mtu hawezi kusema hadharani kwamba maji yananuka, itakunywa maji yanayonuka.

Na wameyanywa. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yako hapa kwetu Gigiri, Nairobi, lilichapisha ripoti yake juu ya Ogoni mwezi wa Agosti 2011. Katika kijiji cha Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji ya visima yenye benzini, kemikali inayosababisha saratani, kwa kiwango kilichopita mara 900 kile kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani. Mahali pamoja karibu na kijiji hicho wapimaji walikuta tabaka la mafuta lenye unene wa sentimita 8 likielea juu ya maji yaliyo chini ya ardhi. Huko Ejama-Ebubu, ambako mafuta yalimwagika mwaka 1970, uchafu ulikuwa bado umo ardhini miaka arobaini baadaye. Ripoti ilikadiria kwamba kuisafisha Ogoni kungechukua miaka 25 hadi 30, na kwamba dola bilioni moja zingehitajika kwa kuanzia tu. Wakazi wa Ejama-Ebubu walikuja kupata mapatano ya fidia na Shell mwaka 2021. Hesabuni wenyewe: kutoka 1970 hadi 2021. Mtoto aliyezaliwa siku ile alikuwa amefika umri wa babu.

Basi, kampuni ifanye nini? Mambo yenyewe si ya ajabu. Gesi isichomwe, nimekwisha kueleza. Maji yenye chumvi na mafuta yanayopanda pamoja na mafuta yasafishwe na kurudishwa chini, yasimwagwe mtoni. Tope la kuchimbia na kemikali zake lisiachwe katika mashimo ya wazi ambamo mbuzi na ngamia wataenda kunywa. Methani, ile gesi isiyoonekana ambayo hulipasha joto anga kuliko hewa ya kaboni mara nyingi, itafutwe kwenye kila kiungo na kila valvu. Siku hizi kuna kamera na hata setilaiti zinazoiona, na Shirika la Kimataifa la Nishati limeeleza mara kadhaa kwamba sehemu kubwa ya uvujaji huo yaweza kuzuiwa kwa gharama ndogo, kwa kuwa gesi iliyookolewa huuzika.

Juu ya mabomba nitakaa kidogo, maana hapo ndipo penye vita vya mahakamani. Bomba lina umri kama mtu. Lisipokaguliwa na kubadilishwa kwa wakati, litapasuka, na usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwaka 2008 bomba la Shell lilivuja mara mbili karibu na mji wa Bodo, Ogoni, likaua mikoko na samaki wa vijiji vingi. Kampuni yenyewe ndiyo iliyoshika usukani wa kupima ni mafuta kiasi gani yamemwagika. Kesi ilipofika London, kampuni ilikiri kwamba kipimo chake cha awali kilikuwa pungufu. Mwaka 2015 ilikubali kulipa pauni milioni 55. Pesa hizo hazingelipwa kama wakazi wangeridhika na kipimo cha kwanza. Hili ni jambo la msingi: mshtakiwa hawezi kuwa ndiye mpimaji wa kosa lake. Kipimo kifanywe na mtu wa tatu, mbele ya wenye ardhi, na nakala wapewe siku hiyohiyo.

Ni kweli, na tusiifiche, kwamba mafuta mengi katika Delta yamemwagwa na wezi wanaotoboa mabomba na kuyapika mafuta vichakani. Kampuni hulitaja jambo hilo kila mara kama kwamba limemaliza kesi. Halijamaliza. Mwaka 2014, katika kesi hiyo ya Bodo, jaji wa London alisema kwamba sheria ya Nigeria inamtaka mwenye bomba alilinde kwa njia za kadiri, na akishindwa kufanya hivyo aweza kuwajibika hata kama mkono uliotoboa si wake. Mwenye mbwa mkali hujenga ua.

Sasa nafika kwenye hila mpya, ambayo naomba muitazame kwa makini kuliko yote niliyosema. Kampuni kubwa haingoji tena kushtakiwa. Inauza na kuondoka. Machi 2025 Shell ilikamilisha kuiuza kampuni yake ya nchi kavu ya Nigeria kwa kundi la Renaissance. Makao makuu Ulaya yanaweza sasa kuonyesha vitabu vyenye moshi mdogo, wakapigiwa makofi kwa kupiga hatua katika mazingira. Lakini moshi haukupungua hata chembe. Umebadilisha jina la mwenyewe. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Nasi tumelikuta jambo hilo mlangoni kwetu. Tullow Oil ilitangaza kugundua mafuta katika kisima cha Ngamia-1, bonde la Lokichar, Turkana, Machi 2012. Mwaka 2018 malori yalianza kuyashusha mafuta ghafi hadi Mombasa kwa majaribio, na Agosti 2019 shehena ya kwanza ikasafirishwa nje. Mwaka 2025 Tullow iliuza haki zake za Kenya kwa Gulf Energy. Sisemi kwamba muuzaji au mnunuzi ana hila. Nasema kwamba kila leseni inapobadilisha mikono, wakili wa mwananchi anapaswa kuuliza maswali matatu kabla wino haujakauka. Visima vilivyochimbwa na kuachwa, nani atavifunga? Kama uchafu utaonekana baada ya miaka kumi, nani atashtakiwa? Na fedha za kazi hiyo ziko katika benki gani leo? Sheria yetu ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 inatambua amana ya mazingira, yaani fedha zinazowekwa mapema na yule ambaye kazi yake yaweza kuchafua. Amana hiyo idaiwe kabla ya kisima kufunguliwa. Baada ya hapo utakuwa unamfukuza mtu aliyekwisha kupanda ndege.

Kwa upande wa sheria, Mkenya wa leo amejaliwa silaha ambazo Mwogoni hakuwa nazo, na ambazo sisi wenyewe hatukuwa nazo. Mwaka 1989 marehemu Profesa Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia jumba la ghorofa 60 lisijengwe ndani ya Uhuru Park. Mahakama ilimfukuza. Ilimwambia kwamba hana haki ya kushtaki, kwa kuwa yeye binafsi hajadhurika kuliko mtu mwingine yeyote. Yaani bustani ya watu wote haikuwa na mtu hata mmoja wa kuisemea. Jumba lile halikujengwa, lakini sifa si ya mahakama. Ni ya kelele za wananchi, na ya wafadhili wa nje walioona aibu. Miaka 21 baadaye, Katiba ya 2010 iliigeuza hukumu ile juu chini. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye kuleta afya. Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayekwenda mahakamani kuitetea haki hiyo halazimiki kuonyesha kuwa yeye mwenyewe amepata hasara au kuumia. Kifungu cha 71 kinataka mikataba ya kuchimba mali ya asili iidhinishwe na Bunge. Wale waliopigwa virungu katika miaka ya tisini wakidai vyama vingi na katiba mpya walikuwa, wajue wasijue, wakiutetea pia mto Kerio na mbuzi wa Turkana.

Sheria hizi hazikai tu katika vitabu. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka bomba la Kenya Pipeline huko Thange, Kaunti ya Makueni, yakaingia mtoni na katika visima. Wakazi wakaenda mahakamani. Ilichukua miaka kumi, lakini mwaka 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Makueni iliamua kwa upande wao na kuwapa fidia ya mabilioni ya shilingi. Miaka kumi ni mirefu kwa mtu asiye na maji. Hata hivyo, ukiilinganisha na ile 51 ya Ejama-Ebubu, utaona faida ya mahakama iliyo karibu na nyumbani.

Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imegawa sehemu ya serikali katika mapato ya mafuta: asilimia 75 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti, 5 kwa jamii ya mahali. Watu wengi wameshughulika na hiyo 5 hata wakasahau maji. Nawasihi viongozi wa kanisa walio Turkana wasiruhusu mjadala wote uishie kwenye mgawo. Asilimia tano ya fedha haiwezi kumnunulia mfugaji kisima kipya kila mwaka kama cha zamani kimeharibika.

Kijana mmoja aliniuliza kabla ya kikao hiki kama haya yote si kupaka rangi nyumba inayoungua, maana hata kampuni safi kuliko zote bado huuza kitu ambacho kikichomwa kinalipasha joto dunia. Swali lake ni halali. Mahakama ya The Hague iliiamuru Shell mwaka 2021 ipunguze moshi wake, pamoja na ule wa bidhaa zake, kwa asilimia 45 kufikia mwaka 2030. Novemba 2024 Mahakama ya Rufani iliifuta asilimia hiyo, ingawa ilikubali kwamba kampuni ina wajibu wa kupunguza. Kwa maoni yangu, kampuni ambayo haiwezi kuonyesha kwa mwaka na kwa kiasi jinsi itakavyoyaacha mafuta haistahili kujiita rafiki wa mazingira. Lakini wakati huo unapongojwa, mama wa Lokichar anachota maji leo, na haki yake haiwezi kuahirishwa hadi mwisho wa enzi ya petroli.

Namalizia kwa jambo la kutenda. Kila parokia na kila kikundi kilicho katika eneo la visima au bomba kiandike barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinampa raia haki ya kuomba nakala ya mkataba, ya ripoti ya athari za mazingira, na ya vipimo vya maji. Barua hiyo haihitaji wakili wala mhuri, wala huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua. Andika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, taja unachokitaka, weka tarehe, mwambie mpokeaji atie sahihi kwenye nakala utakayobaki nayo. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, au jibu likiwa ni la kukwepa, nakala hiyohiyo yenye sahihi ipelekwe kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita Ombudsman, nayo ina uwezo wa kuiamuru ofisi hiyo itoe. Mkutano ujao njooni na barua zenu, pamoja na majibu, na pale ambapo hapana majibu, njooni na tarehe.